Uso Uliofichwa: Taharuki, Picha na Utu katika Mchezo wa "Eye of the Beholder"

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza mtu aliyegundua kasoro katika jambo analolipenda. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tutaona kwamba imebeba msingi mzima wa uhakiki. Inadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba ila ipo na haifai kufumbiwa macho, na kwamba kilicho na ila hiyo kingali kizuri. Anayeutaja uzuri peke yake amesifu. Anayeitaja ila peke yake amesuta. Mhakiki ni yule anayeyashikilia madai yote mawili, kisha akauliza swali la tatu ambalo methali imetuachia: je, ila hii imetokana na nini, na kazi yenyewe ilikuwa na uwezo gani wa kuiepuka?

Makala haya yanakusudia kuutumia msimamo huo katika kuchunguza kazi ambayo haionekani mara nyingi katika kurasa za uhakiki wa fasihi, yaani mchezo mmoja wa televisheni wa bunilizi ya kisayansi. Mchezo wenyewe ni "Eye of the Beholder", ulioandikwa na Rod Serling, ukaelekezwa na Douglas Heyes, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani na shirika la CBS tarehe 11 Novemba 1960. Ulikuwa sehemu ya mfululizo uitwao "The Twilight Zone", ulioanza mwaka 1959 na kukoma mwaka 1964 baada ya michezo 156, kila mmoja ukiwa na kisa chake na wahusika wake.

Huenda pakawa na msomaji atakayehoji iwapo kazi ya aina hii yastahili kushughulikiwa na wanafasihi. Jibu letu ni kwamba masimulizi ni masimulizi, yawe ya mdomo, ya kitabu au ya kiwambo. Aidha, mchezo huu unazua swali la kimaadili ambalo fasihi zote hukumbana nalo pindi zinapotaka kumtetea mnyonge: je, yawezekana kumtetea mtu aliyedharauliwa kwa sababu ya sura yake kwa kutuonyesha kwamba sura yake, kwa hakika, ni nzuri? Tutajaribu kuonyesha kwamba taharuki ya mchezo huu inalijibu swali hilo kwa namna moja, ilhali picha yake kuu inalijibu kwa namna nyingine iliyo kinyume. Tutaonyesha vilevile kwamba dawa ya mgongano huo imo ndani ya mchezo wenyewe, na haina haja ya kuletwa kutoka nje.

2. Muhtasari wa Kisa

Janet Tyler amelazwa hospitalini, kichwa chake chote kimefungwa bendeji. Tangu utotoni amechukiwa na kuogopwa kwa sababu ya uso wake, na sasa ametibiwa kwa mara ya 11, ambayo ndiyo ya mwisho inayoruhusiwa na dola. Iwapo tiba hii nayo itashindwa, atapelekwa kuishi mahali walikotengwa watu walio kama yeye. Daktari hamfichi kwamba, katika hali fulani, sheria inaruhusu hata kuangamizwa kwa wasiotakikana. Tyler hatamani makuu. Anataka tu awe na sura ambayo watu hawataipigia kelele barabarani.

Wakati wa kungoja, daktari anazungumza faraghani na muuguzi. Anakiri kwamba amemhurumia mgonjwa huyu kupita kiasi. Kwamba amemwona Tyler wa ndani, aliye chini ya bendeji na chini ya nyama, na huyo ana uso mwema wa kibinadamu. Anahoji kwa nini watu wasiruhusiwe kutofautiana. Muuguzi anamwonya kwamba maneno hayo ni uhaini.

Hatimaye bendeji zinafunguliwa, tabaka baada ya tabaka. Daktari anapaza sauti kwa fadhaa kwamba hakuna badiliko lolote. Ndipo tunapoonyeshwa uso wa Tyler: ni wa mwanamke kijana, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, ambaye katika Marekani ya wakati huo angehesabiwa miongoni mwa warembo. Punde tunaonyeshwa nyuso za daktari na wauguzi: pua zilizopanuka kama za nguruwe, midomo iliyopinda, macho yaliyozama. Tyler anatoroka na kukimbia katika ujia wa hospitali, huku Kiongozi wa dola, mwenye uso kama huo wao, akihutubu katika viwambo kuhusu ubora wa watu wote kufanana. Mwishowe anakutana na Walter Smith, mwanamume mtanashati, aliyekuja kumchukua na kumpeleka katika makazi ya waliotengwa. Smith anamfariji kwa msemo wa kale usemao kwamba uzuri u machoni mwa mtazamaji.

Mchezo mzima ni wa takriban dakika 25, na karibu muda wote huo hatuoni uso wowote waziwazi.

3. Taharuki Kama Kitendawili

Katika mahojiano yake na François Truffaut, yaliyochapishwa mwaka 1966, Alfred Hitchcock alitofautisha taharuki na mshtuko kwa mfano ambao sasa umekuwa maarufu. Tuseme bomu limefichwa chini ya meza na hadhira haijui. Likilipuka, hadhira itapata mshtuko wa sekunde 15. Lakini hadhira ikijua kwamba bomu lipo, mazungumzo yale yale ya kawaida juu ya meza yatazaa taharuki ya dakika 15. Kwa mujibu wa Hitchcock, msanii mahiri hana budi kuipasha hadhira habari kila inapowezekana.

Kwa mtazamo wa haraka, Serling na Heyes wamekiuka ushauri huo, kwani wanatunyima kabisa habari iliyo muhimu kuliko zote. Hata hivyo, tukichunguza kwa undani tutaona kwamba wameunganisha mbinu zote mbili kwa ustadi mkubwa. Lipo swali la wazi: je, tiba itafaulu? Swali hili tunalijua sisi na analijua Tyler, na ndilo linalozaa taharuki. Lipo pia swali la siri: uso wa kawaida katika ulimwengu huu ni upi? Hili hatulijui kwamba lipo, na ndilo linalozaa mshtuko. Tunaketi tukilisubiri jibu la swali la kwanza, kisha tunajibiwa la pili.

Je, ni haki kwa msanii kumfanyia mtazamaji hivyo? Kigezo kizuri cha kupimia jambo hili tunacho katika fasihi simulizi. Mtegaji akisema "Nyumba yangu haina mlango", anaficha, lakini hadanganyi. Aliyeshindwa na akalazimika kutoa mji, akishaambiwa kwamba jibu ni yai, huyarudia maneno ya mtegaji na kukuta kwamba kila neno lilikuwa kweli. Kitendawili cha haki ni kile ambacho jibu lake limekuwamo ndani yake tangu mwanzo. Kinachoshindwa kufikia kiwango hicho ni hila tu.

Kwa kigezo hiki, mchezo huu ni kitendawili cha haki kwa kiasi kikubwa. Anayeutazama mara ya pili hugundua kwamba hakuna mhusika aliyewahi kueleza uso wa kawaida unafananaje. Sote tulijaza pengo hilo kwa uso tuliokuja nao wenyewe. Wapigapicha, wakiongozwa na George T. Clemens, waliutumia weusi na weupe wa televisheni ya wakati huo kuificha siri bila kuonekana kama wanaificha: mgongo wa daktari, mkono wa muuguzi, kivuli kwenye ukuta, umbo nyuma ya kitambaa. Bendeji zinapofunguliwa, kamera yenyewe huwa ndani yake, na tunauona mwanga ukizidi kila tabaka linapoondolewa. Hapo picha na taharuki vimekuwa kitu kimoja. Giza tunalolitazama ni giza la Tyler, na hofu yake imekuwa yetu kwa sababu tumenyimwa macho sawa na yeye.

Ila ya kwanza tunayoiona iko katika mazungumzo ya faragha baina ya daktari na muuguzi. Hapa Tyler hayupo. Wahusika hawa wawili wanaonana vyema, wala hapana sababu yoyote katika ulimwengu wao ya nyuso zao kukaa gizani. Giza la chumba cha mgonjwa lina mwenyewe. Giza la mahali hapa ni la mwelekezi peke yake. Mtazamaji makini huanza kushuku, si kwa sababu amedokezewa jambo, bali kwa sababu ameuona mkono wa fundi ukishikilia pazia. Pendekezo letu ni kwamba mazungumzo haya yangeweza kusikika kutoka kitandani kwa Tyler, yakipenya ukutani nusunusu, huku kamera ikibaki kwenye bendeji. Kwa kufanya hivyo giza lingerudi kwa mwenyewe, na maneno ya daktari kuhusu uso wa ndani yangemfikia yule anayehusika nayo. Ni kweli kwamba badiliko hili lingekuwa na gharama: Tyler angejua mapema kwamba daktari ana shaka na dola yake. Lakini gharama hiyo ingeongeza taharuki badala ya kuipunguza, kwa kuwa sasa tungekuwa na watu wawili wa kuwahofia.

4. Picha Inayolikana Neno

Ila ya pili ni nzito zaidi, na haiwezi kurekebishwa kwa kusogeza kamera tu. Inahusu picha ile ambayo mchezo mzima umeandaliwa kwa ajili yake.

Katika "Poetics", Aristotle aliorodhesha vijenzi sita vya tanzia na akasema kwamba kinachohusu maono ya jukwaani ndicho kisichohitaji sana usanii wa mtunzi. Alikubali kwamba hofu na huruma zinaweza kuamshwa na kile kinachoonwa. Hata hivyo, alishikilia kuwa ni bora ziamshwe na mpangilio wa matukio, kiasi kwamba hata anayekisikia kisa bila kukiona aingiwe na hisia hizo. Kwa muda mrefu wa mchezo huu tumekuwa wasikilizaji wa aina hiyo hasa. Tumemhurumia mwanamke ambaye hatukuuona hata unyusi wake. Hatukumhurumia kwa sababu ni mzuri, wala kwa sababu ni mbaya. Tulimhurumia kwa sababu alizungumza, akaogopa, akauliza hali ya hewa huko nje, akataka kuishi miongoni mwa wenziwe. Sauti ilitosha. Hapa mchezo ulikuwa umeshalijibu swali letu la kimaadili kwa namna iliyo bora kabisa: utu hautegemei sura, na ushahidi ni kwamba wewe mtazamaji umeutambua bila sura yoyote.

Kisha bendeji zinaanguka, na jibu hilo linabatilishwa. Tunaambiwa kwamba mwanamke huyu hakustahili kudharauliwa, na sababu tunayopewa ni kwamba ni mrembo. Aristotle alisema kwamba utambuzi ulio bora ni ule unaotukia pamoja na mgeuko wa mambo, kama katika kisa cha Oedipus. Katika mchezo huu utambuzi na mgeuko hutukia pamoja kweli, lakini havimpati mhusika. Tyler alikuwa akiujua uso wake na nyuso za daktari na wauguzi tangu mwanzo; kwake hakuna lililogeuka. Anayegeuziwa mambo ni mtazamaji peke yake. Kwa hivyo, hatuna budi kuuliza mtazamaji ametambua nini. Jibu ni kwamba ametambua kuwa Tyler ni mwenzake, na amemtambua kwa uso. Amefanya katika nukta moja jambo lile lile ambalo dola ya mchezo imelifanya kwa miaka mingi, yaani kuwagawa watu kwa pua na midomo. Tofauti ni kwamba safari hii mgawo umempendelea yeye.

Jambo hili linadhihirika zaidi tukizingatia jinsi mchezo ulivyoigizwa. Tyler wa bendeji aliigizwa na Maxine Stuart. Tyler wa uso uliofunuliwa aliigizwa na Donna Douglas, aliyekuwa na umri mdogo kuliko Stuart. Mwanamke tuliyemhurumia na mwanamke tuliyemwona ni watu wawili tofauti. Utu ulitolewa na mmoja, sura ikatolewa na mwingine. Pengine hapana ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba picha ya mwisho ilikuwa na mahitaji yake yenyewe, na kwamba mahitaji hayo hayakutokana na mhusika tuliyekuwa tumemjua. Wala haya si mambo ya mwaka 1960 pekee. Mchezo huu ulipoigizwa upya kwa rangi mwaka 2003, katika mfululizo mpya wa jina hilo hilo, nafasi ya Tyler ilipewa mwanamitindo Molly Sims, naye pia mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita, na kitendawili bado kilihitaji jibu lile lile ili kiteguke.

Kifalsafa, mchezo unadai msimamo mmoja na kutegemea mwingine. Msemo wa Smith unasema kwamba uzuri haumo katika kitu bali u machoni mwa anayekitazama. David Hume aliujadili msimamo wa namna hiyo katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kigezo cha ladha, ingawa hakuishia hapo; alitafuta namna ya kueleza kwa nini hukumu nyingine za ladha ni bora kuliko nyingine. Naye Immanuel Kant, mwaka 1790, alieleza kwamba anayesema kitu ni kizuri huwa anawadai watu wote wakubaliane naye, japo hana kanuni ya kuwathibitishia. Mgeuko wa "Eye of the Beholder" hauwezi kufanya kazi pasipo dai hilo la Kant. Iwapo kila mtazamaji angekuwa na jicho lake kweli, baadhi yetu wangeuona uso wa Tyler wakasema daktari ana haki, wengine wakasema nyuso zote ni sawa, na mshtuko ungetawanyika. Ili mshtuko upatikane, watazamaji wote lazima wakubaliane kwa pamoja, bila kusita, kwamba huyu ni mzuri na wale ni wabaya. Kwa hivyo, neno linasema hakuna kigezo, ilhali picha inakitegemea kigezo kimoja tu.

Mtetezi wa mchezo anaweza kujibu kwamba hii ndiyo tashtiti yenyewe: mtazamaji anaaibishwa kwa kuonyeshwa kwamba kawaida yake ni wingi wa idadi tu. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini aibu humwingia aliyekutwa na kosa. Mtazamaji wa mchezo huu hakutwi na kosa. Anakutwa na nafuu. Alikuwa ameogopa kwamba ataonyeshwa uso wa kutisha, na sasa anaona kwamba mwanamke aliyemhurumia ni mzuri kwa macho yake mwenyewe, na wanaomhukumu ndio wa kutisha. Anaondoka akiwa amethibitishiwa kwamba macho yake yalikuwa sahihi na ya dola yale yalikuwa na kasoro. Swali ambalo lingemuaibisha halikuulizwa: ingekuwaje kama bendeji zingefunguliwa na tukaona uso ambao hata sisi tungeyafumba macho yetu?

5. Mazingira ya Kuandikwa Kwake

Mhakiki anayejenga hana budi kuuliza ila imetoka wapi. Serling, aliyezaliwa mwaka 1924, alipigana katika Vita Vikuu vya Pili huko Ufilipino akiwa askari wa miavuli, na tangu miaka ya hamsini alitaka kuandika michezo kuhusu ubaguzi wa rangi nchini mwake. Mwaka 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa katika jimbo la Mississippi, na waliomuua wakaachiliwa na mahakama. Serling aliandika mchezo uliochochewa na kadhia hiyo, "Noon on Doomsday", ulioonyeshwa mwaka 1956. Lakini kutokana na hofu ya wadhamini wa matangazo ya biashara, kisa kiliondolewa kusini mwa nchi kikapelekwa kaskazini, na aliyeuawa hakuwa tena kijana mweusi. Mchezo mwingine wa namna hiyo, "A Town Has Turned to Dust" wa mwaka 1958, nao ulipitia mabadiliko mengi kabla ya kuonyeshwa. Kwa Serling, bunilizi ya kisayansi ilikuwa njia ya kusema chini ya pazia yale ambayo hakuruhusiwa kuyasema waziwazi. Wasomi wa fasihi ya Kiswahili hawaigeni mbinu hiyo. Mafumbo yamekuwa silaha ya watunzi wetu kwa karne kadhaa.

Sasa tuuweke mchezo katika mwaka wake. Februari 1960, miezi tisa kabla ya mchezo huu kuonyeshwa, wanafunzi weusi huko Greensboro, North Carolina, walikuwa wameketi kwenye kaunta ya duka iliyohudumia chakula Wazungu pekee na kukataa kuondoka. Watu waliotengewa makazi, shule na viti kwa sababu ya sura zao walikuwepo, na kila mtazamaji aliwajua. Serling aliwachukua waliobagua na kuwaweka mahali pa waliobaguliwa. Uso uliokuwa kawaida ya nchi akaupa mtengwa. Kwa njia hiyo alimlazimisha mtazamaji Mzungu aonje kwa nusu saa uchungu wa kuambiwa nenda ukaishi na wa aina yako. Huo ni ujasiri, na katika mazingira ya wadhamini wale haukuwa mdogo.

Lakini kila fumbo lina bei yake. Kwa kumweka Tyler mahali hapo, mchezo uliwaondoa katika picha wale ambao mahali hapo palikuwa pao. Mtazamaji alijifunza kwamba ni vibaya kumtenga mtu anayefanana naye. Kwamba ni vibaya kumtenga asiyefanana naye, hilo liliachwa alipate kwa kukisia. Na kwa mtazamaji wa Kisumu, Lamu au Mississippi ambaye hajawahi hata siku moja kuambiwa kwamba uso wake ndio kipimo cha dunia, mgeuko huu unadai jambo la ajabu: akubali papo hapo kwamba uso wa Donna Douglas ndio uso wa mtu wa kawaida, la sivyo kitendawili hakitategukia kwake.

6. Daktari Kama Jibu

Tumesema kwamba dawa ya ila hii imo ndani ya mchezo. Tunaamini kwamba imo kwa daktari.

Tukumbuke kwamba sauti ya Tyler siyo sauti pekee tuliyoipenda gizani. Daktari naye alituvutia. Ni yeye aliyeona uso wa ndani wa mgonjwa, ni yeye aliyehoji sheria ya dola, ni yeye aliyeonywa kwa uhaini. Hata mwishoni, Tyler anapokimbia kwa hofu, daktari anamwendea kwa upole na kumsihi asimwogope Smith. Kisha tunauona uso wake, na ni uso wa kutisha. Hapa pana utambuzi wa kweli, na unakwenda kinyume na ule wa kwanza. Uso wa Tyler unatuthibitishia tulichokiamini. Uso wa daktari unatupinga. Unatwambia kwamba mwema tuliyemsikia ana sura ambayo tungeikimbia, na kwamba wema wake haukupungua kwa hilo. Hayo ndiyo mafunzo ambayo mchezo ulitaka kutoa, na picha ya kuyatoa ilikuwepo tayari.

Tatizo ni kwamba kamera haikukaa kwa daktari. Ilizionyesha nyuso zile kwa pamoja, kwa ghafla, kama kundi la kuogofya, halafu ikaandamana na Tyler mbioni. Daktari akamezwa na kundi. Tungependekeza, basi, mambo mawili yasiyohitaji kubadilisha hata sentensi moja ya Serling. La kwanza ni kwamba uso wa daktari ungefunuliwa peke yake, akiwa anazungumza, ili sauti tuliyoizoea na sura tusiyoizoea vikae mahali pamoja kwa muda wa kutosha kutusumbua. La pili ni kwamba picha ya mwisho ingekuwa yake, akimtazama Tyler anavyoondoka na Smith. Hapo msemo kuhusu macho ya mtazamaji ungekuwa na mtazamaji wake halisi: mtu mmoja, mwenye macho yaliyozama, ambaye katika ulimwengu ule wote ndiye pekee aliyeuona uzuri wa Tyler kabla ya bendeji kufunguliwa, na aliuona pasipo msaada wa sura.

Pendekezo hili nalo lina gharama. Mshtuko ungepungua kidogo, kwa kuwa mtazamaji angepewa nafasi ya kuuzoea uso wa daktari. Lakini mshtuko ni wa mara moja tu. Anayeujua mgeuko hashtuki tena, ilhali swali la daktari lingeendelea kumkera kila anapoutazama mchezo.

7. Hitimisho

Riwaya ya Katama Mkangi iitwayo "Walenisi" (1995) inampeleka mhusika wake, Dzombo, katika ulimwengu mwingine kwa chombo cha angani. Jina la ulimwengu huo, likitamkwa polepole, linalitaja jibu la kitendawili: wale ni sisi. Picha kuu ya "Eye of the Beholder" inatufikisha nusu ya safari hiyo. Inatwambia kwamba huyu ni sisi, kisha inatunong'oneza kwamba wale si sisi. Sauti ya daktari ilikuwa tayari kutufikisha mwisho wa safari, lakini kamera iliigeuzia kisogo.

Tumejitahidi kuonyesha kwamba kasoro hii ni ya kifani na ya kimaadili kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuandika maneno yenye haki na kuyavika picha isiyo na haki, na mtazamaji akaondoka na picha. Kwa sababu hiyo, anayehakiki kazi ya kiwambo hawezi kuridhika na kuuliza dhamira inasema nini. Lazima aulize pia hadhira imefanywa ihisi nini, katika nukta ipi, na kwa kuonyeshwa nini. Tumejaribu vilevile kuonyesha kwamba pendekezo la mhakiki lina nguvu zaidi linapotokana na mali ya kazi yenyewe. Hatukumtaka Serling aandike mchezo mwingine. Tumemtaka mwelekezi amtazame kwa muda mrefu zaidi mhusika ambaye tayari alikuwa chumbani.

Yamebaki maswali ambayo makala haya hayakuweza kuyafikia. Mojawapo ni hili: je, fasihi ya maandishi, ambayo haina nyuso za kuonyesha, imeiepuka kasoro hii, au inaifanya kwa njia nyingine kila inapotuombea huruma kwa shujaa mnyonge huku ikitujuza, aya ya pili tu, kwamba alikuwa mzuri wa sura? Watafiti wa riwaya ya Kiswahili wana ushahidi mwingi wa kuanzia.